Maji ya Kuoga ya Baba

Juzi mama mkwe wangu alinituma sokoni nikamtafutie mvuje. Mtoto wangu ametoka arobaini, lakini ikifika magharibi analia kilio cha kumtoa mtu roho, na mama mkwe haamini habari za gesi tumboni. "Mfunge mvuje kwenye kitambaa cheusi, hapo mkononi," akasema, "halafu uone kama hatalala." Mimi si mtu wa kubishana na mama mkwe. Nikaenda. Muuza dawa akafungua kikopo, akakisogeza puani mwangu ili nihakikishe kwamba ni mvuje kweli, na pale pale, mbele ya wateja wake, nikaangua kicheko. Mzee wa watu akanuna. Alidhani ninaidharau biashara yake.

Akili yangu haikuwa kwake. Harufu ile kali, nzito, kama kitunguu saumu kilichokasirika, ilikuwa imenirudisha jikoni kwa Mama Kanta, nyuma ya soko. Nimekalia mbuzi ya kukunia nazi, sare ya shule bado iko mwilini, nimemkazia macho mwanamke wa Kihindi ambaye nilikuwa na hakika kwamba anamfukuza baba yangu kwa mara ya pili.

Ninyi wa rika langu mliokulia Morogoro mnajua nyumba za Mwembesongo zilivyokuwa: vyumba mstari, ua katikati, bafu la mabati kule mwisho karibu na mchicha. Sisi tulikaa chumba cha karibu na bafu. Baba alikuwa dereva wa lori la ndizi. Aliondoka kwenda Matombo nikiwa bado nimelala, akarudi jua likiegemea, amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, ananuka ndizi mbivu na dizeli. Hakusalimiana na mtu kabla hajaoga. Kwa hiyo Mama alikuwa na desturi yake. Ikiadhiniwa alasiri anawasha jiko la mkaa, anabandika sufuria kubwa, na Baba anapoingia anakuta maji ya moto yako bafuni kwenye ndoo, yamefunikwa kwa sinia. Tukisikia kopo likigonga ndoo, ndipo nyumba ilipokuwa nyumba.

Kisha ikaja masika, lori likateleza kwenye kona moja huko milimani, likashuka bondeni pamoja na dereva wake. Mwili uliletwa mjini, na mjini ndiko alikozikwa. Mama hakufika kwenye ile kona, alielezwa tu. Mimi nilikuwa mdogo, na ninachokikumbuka zaidi cha msiba ule ni wali mwingi, na mikono ya shangazi zangu ikinipapasa kichwa kana kwamba natafutwa chawa. Mama akakaa eda. Eda ikaisha, akatoka, wanawake wakampongeza na kumwombea dua. Na siku ile ile, ilipoadhiniwa alasiri, akawasha jiko na kubandika sufuria kubwa.

Hakuna aliyeniambia neno. Kila jioni ndoo iliingia bafuni imejaa maji ya moto, na kila asubuhi niliikuta tupu. Mtoto ukimpa mambo mawili hayo, atayaunganisha mwenyewe. Mimi niliunganisha hivi: Baba anakuja tukishalala, anaoga, anaondoka. Sikuogopa hata kidogo. Nilifurahi. Nilimwonea fahari baba yangu, ambaye kufa hakukumfanya awe mchafu. Siku moja nilimwachia juu ya sinia kipande cha sabuni ya kunukia nilichopewa na shangazi, na asubuhi nikaikuta sabuni imelowa. Nilikwenda shule naruka kama mbuzi. Watoto wengine waliofiwa na baba zao walikuwa wanasikitisha, masikini, lakini mimi wangu alikuwa anakuja.

Mama alifanya kazi kwa Mama Kanta. Huyu alikuwa Mhindi aliyezaliwa Morogoro, mjane, ambaye wazazi wake waliuza vitambaa hapo hapo mtaani. Watoto wake walikuwa Ulaya. Yeye alibaki na nyumba kubwa na jiko kubwa, akawa anatengeneza achari ya embe na chevda, vile vitafunwa vya kukaanga vyenye viungo, za kuuza madukani, na Mama akimsaidia kukata, kukaanga na kufunga. Msidhani alikuwa mtu mtakatifu. Alikuwa mkali, alipenda umbea, na akigombana na muuza mchicha mtaa wa pili walijua. Ila asubuhi na jioni alikaa uani kwake juu ya mkeka, mbele ya mrehani uliopandwa kwenye kizimba cha saruji, miguu ameikunja, macho nusu wazi, asiseme neno. Ukimkuta hapo hata simu ikiita hapokei. Na simu ya mwanawe ilikuwa ndicho kitu alichokipenda kuliko vyote duniani.

Nilikuwa nafikia kwake nikitoka shule. "Shikamoo, Mama Kanta." "Marahaba, dikri. Nawa mikono." Dikri ni binti, kwa Kigujarati. Ananipa sahani ya wali na dengu, na dengu ile ndiyo iliyokuwa na mvuje. Alichemsha samli, akarusha haradali, zikaanza kupasuka tap tap tap, akachota mvuje kwa ncha ya kisu, na nyumba nzima ikajua. Nilikula kwa mashaka. Kwetu mvuje haukuwa kiungo. Mvuje walifungwa watoto wachanga ili majini na mapepo yasiwasogelee. Kila mtu Mwembesongo alijua kwamba wasioonekana hawaiwezi harufu ile.

Basi mambo yalikuwa hivyo mpaka alipokuja Mjomba.

Mjomba Kibwana, mdogo wake Mama, alishuka kutoka Matombo na mkungu wa ndizi begani na uso usiopenda kilichomleta. Bibi alikuwa anaumwa kiuno, hawezi tena kupanda kule juu kwenye mikarafuu. Karafuu zilikuwa zinaiva na kudondoka. Kwetu Waluguru, shamba hufuata upande wa mama, na Bibi alikuwa na binti mmoja tu.

"Dada, Mama anasema njoo akuone," Mjomba alisema. "Anataka akuoneshe mipaka angali na miguu. Akiondoka bila wewe kukanyaga pale, ukoo watampa mtu mwingine, na mimi sitakuwa na la kusema."

"Nitakuja."

"Umesema hivyo tangu ulipotoka eda."

"Nitakuja, Kibwana. Si nimesema?"

Na kweli alifunga mzigo. Tulikwenda wote watatu mahali magari ya Matombo yanapopakilia, tukapanda landrova moja kuukuu, Mama akanipakata. Dereva akawasha injini. Moshi wa dizeli ukaingia ndani, na mikono ya Mama iliyokuwa imenizunguka tumboni ikawa ya baridi ghafla. "Nimeacha mlango wazi," akasema, akashuka na mimi mikononi. Tukarudi nyumbani mbio. Mlango ulikuwa umefungwa, na ufunguo ulikuwa kwenye pindo la khanga yake tangu mwanzo.

Kesho yake tukajaribu tena. Safari hii hakutoa sababu. Injini ilipounguruma alishuka, akashika ukuta, akatapika. Abiria wakanong'ona kwamba ni mja mzito, wengine wakakumbuka kuwa ni mjane, wakanyamaza. Mjomba aliondoka peke yake. Alipunga mkono dirishani, lakini hakututazama. Mimi, kwa kusema kweli, nilikuwa na raha. Tungekwenda Matombo, nani angemchemshia Baba maji?

Kesho yake nilipotoka shule nilimkuta Mama kwa Mama Kanta akikata maembe bila kuinua kichwa. Mama Kanta alivumilia kidogo, halafu akashindwa.

"Hadija, umekata kidole au bado?"

Ndipo Mama akasema yote. Landrova, dizeli, mikono yake. Akasema jinsi anavyoiona ile kona kila anapofumba macho, shimo jeusi lisilo na mwisho, na hajawahi hata kufika pale. Akasema na habari ya maji. "Kila jioni nayachemsha. Najua kabisa hayupo. Mikono inakwenda yenyewe, Mama Kanta, kama si yangu. Nikisema leo sichemshi, kifua kinabana mpaka niwashe jiko."

Mama Kanta aliondoka, akarudi na kopo la bati lililokuwa limeanikwa dirishani, akampa. "Nusa."

"Mvuje."

"Nimeliosha kwa sabuni. Nimeliosha kwa jivu. Mvuje umekwisha zamani, nimenunua mwingine nimeweka kwenye chupa. Ndani ya hilo kuna mvuje?"

"Hakuna."

"Lakini linanuka. Sisi tunaiita vasana. Harufu iliyobaki. Wazee wetu wanasema akili ya mtu ni hivyo hivyo. Kitu kimepita, kimekwisha, lakini harufu imeingia kwenye bati, inakuamrisha: washa jiko, shuka kwenye gari. Na wewe unatii, kwa sababu unadhani wewe ndiye harufu."

"Mimi ni bati, basi," Mama akasema, akajaribu kucheka.

"Wala bati. Wewe ni huyo anayenusa."

Nakumbuka nzi alitembea juu ya embe lililokatwa na hakuna aliyemfukuza.

"Sasa nifanyeje, ili itoke?"

"Usishindane nayo. Ukishindana nayo unaipa nguvu. Kaa, itazame. Ikija, sema imekuja. Ikiondoka, sema imeondoka. Ukiizoea kuitazama, siku moja utaona iko kule na wewe uko hapa. Itaondoka yenyewe. Achilia tu."

"Mama Kanta, mimi ni Mwislamu. Hayo mambo yenu ya kukaa mbele ya mrehani..."

"Nani kakwambia uje kwenye mrehani wangu?" Mama Kanta alipandisha sauti. "Sali sala yako. Ukishatoa salamu, usinyanyuke. Kaa hapo hapo. Mswala ni wako, Mungu ni wako, akili ni yako. Mimi nakupa kama ninavyokupa tangawizi ukiwa na kikohozi. Na usinifanye mwalimu, maana miaka yote hii nimekaa na bado muuza mchicha ananishinda."

Hayo nayaeleza leo kwa ukamilifu kwa sababu Mama alinisimulia mara nyingi baadaye, mpaka maneno yenyewe nikayashika. Siku ile, mimi juu ya mbuzi ya nazi, nilisikia kama mtoto anavyosikia watu wazima: vipande. Nilisikia hayupo. Nilisikia mvuje. Nilisikia itaondoka yenyewe, achilia tu. Nikaunganisha. Mama Kanta amempa mama yangu dawa ya kumfukuza Baba.

Nikaanza kujihami. Mama akirudi nyumbani, namsaidia kuvua khanga aliyoshindia jikoni, naikimbiza kwenye kamba ya mbali kabisa, kule upande wa barabara, ili harufu isifike bafuni. Mama alinisifu kwa majirani kwamba nimeanza kuwa msichana. Kwa Mama Kanta nikagoma kula dengu. Na kila magharibi, kabla sijaitwa ndani, nilipita karibu na bafu na kunong'ona kwenye tundu la bati: "Baba, usiogope. Ile ni ya mboga tu."

Lakini nilikuwa naona tunashindwa. Mama alikuwa anabadilika. Baada ya sala ya alasiri hakunyanyuka tena kwa haraka kama zamani. Alibaki kwenye mswala, mikono mapajani, na jiko baridi. Mwanzoni alikuwa anatokwa jasho, namwona. Vidole vinachezacheza kama vya mtu anayetafuta kiberiti. Hatimaye ananyanyuka, anawasha. Siku nyingine anakaa zaidi. Nilisimama mlangoni nikimwona midomo inatamka kitu polepole, nikadhani ni dua. Kumbe alikuwa anasema imekuja. Imeondoka. Imekuja tena.

Kisha ikafika jioni ambayo hakunyanyuka kwenda jikoni. Mwanga wa jua ukapanda ukutani, ukawa mwekundu, ukafika kwenye mabati. Milima yetu, ambayo kutwa ilikuwa imejifunika mawingu, ikafunuka kama inavyofanya saa ile, rangi ya zambarau, karibu kabisa. Mama alitoka, akaitazama, akashusha pumzi, akaketi kizingitini na kuanza kuchambua mchele. Anaimba chini kwa chini. Sufuria kubwa iko pale pale, imefudikizwa.

Nilichanganyikiwa. Nikasubiri. Alipoingia ndani kuchukua ungo mwingine, nikaichukua ndoo, nikaijaza maji ya baridi bombani, nikaanza kuikokota kwenda bafuni. Ilikuwa nzito kuliko mimi. Maji yalinimwagikia miguuni, sketi ikalowa, nikasikia sauti ya Mama nyuma yangu.

"Unakwenda kuoga sasa hivi? Si umeoga?"

"Si yangu."

"Ya nani?"

"Ya Baba."

Akacheka kidogo, kama mtu aliyesikia vibaya. Halafu akaniona uso.

"Baba yupi, mwanangu?"

"Baba. Usipomwekea maji hatakuja tena. Mama Kanta amekupa mvuje, na wewe umekubali, na sasa atakuja akute ndoo tupu, ataona hatumtaki!" Nilikuwa sinong'oni tena. Majirani walichungulia. "Yeye hajafanya kitu! Anaoga tu na kuondoka!"

Mama aliketi chini pale pale, kwenye tope nililolifanya mimi. Akanivuta, akaniweka mapajani na sketi yangu inachuruzika.

"Wewe ulikuwa unafikiri anakuja?"

"Ndoo inakuwa tupu."

"Mimi ndiye niliyekuwa naimwaga, alfajiri, kwenye mchicha. Kila siku." Alisema kwa sauti ya mtu anayeambiwa jambo, wala si anayeambia. "Na ile sabuni niliikuta nikadhani umeisahau, nikaogea."

Nililia kilio ambacho nadhani kilikuwa kimekaa ndani tangu siku za wali mwingi. Ni jioni ile nilipofiwa na baba yangu. Mama naye alilia, lakini haikuwa kama siku ile aliposhika ukuta. Alilia akinitazama, akinifuta kamasi kwa khanga, na alipomaliza alikuwa amemaliza. Akaichukua ndoo, akasema, "Haya, maji yasipotee," tukamwagilia mchicha pamoja, na usiku haujaingia.

Siku iliyofuata alinipeleka kwa Mama Kanta na kumweleza kesi yangu. Mama Kanta alicheka mpaka miwani ikadondoka. Kisha akaona sicheki. Akaiokota miwani, akajifuta, akavuta kigoda akakaa uso wake ukiwa sawa na wangu.

"Dikri, kaa vizuri. Fumba macho. Mfikirie baba yako. Umemwona?"

"Ndiyo."

"Amevaa nini?"

"Shati la bluu. Lina vumbi."

"Nani anamwona?"

"Mimi."

"Sasa fikiria embe bivu. Umeliona?"

"Ndiyo."

"Nani analiona?"

"Mimi."

"Baba ameondoka, embe limekuja. Na wewe umeondoka?"

Nilifikiri. "Hapana. Nipo."

"Huyo aliyepo muda wote, ndiye mimi na mama yako tunayemtafuta kwenye mkeka. Hakuna mwingine. Baba yako hafukuzwi na mtu. Akija, karibu. Akiondoka, kwaheri. Tunachokataa ni kamba tu, ile ya kumfunga mama yako mguu asiende popote. Umenielewa?"

"Ndiyo, Mama Kanta."

"Umeelewa nini?"

"Nataka embe."

Akanipa embe. Na sahani ya dengu juu yake, nikala yote. Nimesoma kidogo, ukubwani, mafundisho ya Kihindu kuhusu huyo atazamaye, yaliyoandikwa na watu wenye elimu kubwa, na sijakuta mahali yalipoelezwa kwa ufupi kuliko pale.

Mjomba hakuja tena. Ni Mama aliyemtumia ujumbe kwamba atupokee. Tulipanda asubuhi, mawingu yakiwa bado chini. Mama alichagua kiti cha dirishani. Dereva alipowasha injini nilijibana, nikasubiri mikono yake iwe ya baridi, na ikawa ya baridi kweli. Mkono mmoja ukaenda kwenye kitasa cha mlango. Ukakaa hapo.

"Imekuja," akanong'ona.

"Ni nini?"

"Hofu. Iko hapa." Akagusa kifua. "Naiona. Imekaa kama kuku anayeatamia."

"Tushuke?"

"Hapana. Hata yeye anasafiri. Mwache akae."

Nilicheka, na yeye akatabasamu na midomo iliyokauka. Mkono wake uliachia kitasa tulipokuwa tumepita Bigwa. Barabara ilianza kupanda, udongo ukawa mwekundu, migomba ikasogea pande zote mpaka majani yake yakawa yanapiga vioo. Baada ya Mkuyuni Mama akainama kwa dereva na kumwuliza, kwa heshima, kama anaijua kona ambako lori la ndizi lilianguka wakati wa masika. Dereva alimtazama kwenye kioo.

"Naijua, mama."

"Naomba utusimamishie pale. Kidogo tu."

Hakuna abiria aliyelalamika. Tulishuka mimi na yeye. Mama alisogea ukingoni akinishika mkono kwa nguvu, akachungulia.

Lilikuwa bonde la kawaida. Mteremko, si mrefu kama mnavyodhani. Mtu alikuwa amepanda maharage, mistari mizuri inayofuata mlima, na chini kabisa kijito kilikuwa kinapiga kelele kwenye mawe. Mbuzi mmoja alikuwa amefungwa kwenye kisiki, akatutazama huku anatafuna, akatudharau, akaendelea na majani yake. Mama aliangalia muda mrefu. Nilihisi mkono wake ukilegea ndani ya wangu, na nikahisi joto likirudi.

"Hapa tu?" akasema. "Ni hapa tu?"

Akanyanyua mikono, akasoma Fatiha, mimi nikaitikia amina. Akakung'uta vumbi kwenye khanga, tukarudi garini. Dereva akatia gia. Mbele kidogo Mama aliniegemea begani, mtu mzima mwenye mzigo, akalala fofofo mpaka Matombo.

Bibi alitupokea amesimama, na fimbo yake, akiongea Kiluguru kwa kasi ambayo sikuishika hata neno, na machozi yakimtoka bila yeye kuyajali. Hakuwa na muda wa kupoteza. Asubuhi ya pili tulikuwa juu kwenye mikarafuu, yeye amewekwa kwenye jamvi akielekeza kwa fimbo mpaka huu unaishia wapi na ule unaanzia wapi, Mjomba mtini, Mama kwenye tawi la chini, mimi nikiokota zilizodondoka na vidole vyangu vikinuka kama kabati la nguo za sikukuu.

Bibi akanyoosha fimbo kuelekea kijito cha chini. "Na pale," akasema kwa Kiswahili, akinitazama mimi, "ndipo alipotumbukia baba yako."

Nilimgeukia Mama. Tangu Baba afe, nyumbani kwetu hakukuwahi kusimuliwa hadithi yake hata moja. Maji tu. Sasa Mama alikuwa ameacha kuchuma, ameshika tawi, mabega yanatikisika, na ilinichukua muda kutambua kwamba anacheka.

"Salum!" akasema. "Yallah, Salum! Alikuja kuposa. Akaona Kibwana amebeba mkungu, akasema mbona hata mimi naweza. Kijana wa mjini, na viatu vya ngozi! Akauweka kichwani, akashika njia ile pale, anatembea kama bwana harusi."

"Kisha?" nikauliza. Karafuu zote zilikuwa zimenimwagika.

"Kisha nikasikia chubwi," Mjomba alidakia kutoka juu.

"Nyamaza wewe, ni hadithi yangu. Kisha tukaona mkungu unaelea wenyewe. Tukangoja. Akaibuka, maji kiunoni, kofia bado iko kichwani, imenyooka vile vile. Akatazama huku, akatazama huku, kuona nani ameona." Mama alifuta machozi kwa mgongo wa mkono. "Mimi nilikuwa nyuma ya mgomba, nimejitia khanga mdomoni. Jioni alipokuja kukaa barazani nguo zimekauka, akaniuliza, 'Hadija, leo mchana ulikuwa wapi?' Nikamwambia nilikuwa jikoni."

"Ukamdanganya?"

"Nikamdanganya. Akafurahi sana."

Na akaendelea kuchuma, akicheka peke yake, huku mimi nikiwa chini nimekaa juu ya majani, namtazama baba yangu, kijana wa mjini, akitoka majini.